Jiko la Mtaa: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Tunapika chakula cha bure kwa wenye shida, uani kwa mama mmoja Temeke, Dar es Salaam, Jumatatu hadi Jumamosi. Simu zinaingia tukiwa tumeshika mwiko, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo tumeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mwenye swali jipya atupigie baada ya saa 9 alasiri, masufuria yakiwa yameshaoshwa.

Ninyi ni nani? Msikiti, kanisa, chama?

Ni majirani. Kuna mama lishe wawili, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, vijana wanne wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo anayetunza daftari, na wengine wanaokuja wakipata nafasi. Msikiti unatuazima masufuria makubwa. Kwaya ya kanisa inatuletea watu wa kumenya vitunguu kila Jumamosi. Hakuna anayelipwa, ila mafuta ya pikipiki yanarudishwa, na yanaandikwa. Tumejiandikisha kama kikundi cha kijamii, na afisa afya wa kata huja bila kutoa taarifa. Kila anayegusa chakula hupima afya kila miezi 6, kama muuza chakula yeyote.

Mna uhakika gani kwamba anayekula ana shida kweli?

Uani hatuna uhakika, na hatuutafuti. Atakayekuja na bakuli lake saa 6 mchana atapakuliwa. Mwenye uwezo hapangi foleni nusu saa juani kwa ajili ya wali maharage. Wawili watatu walijaribu, wakachoka wenyewe.

Wanaopelekewa nyumbani ni habari nyingine, kwa sababu nafasi ni 40 tu. Majina yanatoka kwa mjumbe, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na zaidi kwa majirani. Watu wetu wawili huenda kumwona mhusika, wakakaa, wakaongea naye. Barua hatudai. Orodha iliyoandikwa mwaka jana haimjui bibi aliyevunjika nyonga juzi.

Chakula kinamfikiaje mtu asiyeweza kutoka?

Nyumba 40 zimegawanywa katika njia nne, nyumba kumi kila njia. Kila njia ina watu wawili: mmoja anaendesha pikipiki au anasukuma baiskeli, mwingine anapiga hodi. Chakula kinakaa kwenye hotpoti kubwa, na kinapakuliwa mlangoni kwenye chombo cha mwenyewe. Vyombo vyetu tulikuwa tunaviacha, vikawa havirudi.

Wa kwanza kupelekewa ni wanaotumia sindano au vidonge vya kisukari, maana dawa ikishaingia mwilini na chakula kikachelewa, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. Wanafuata wanaomeza dawa za kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya TB huchukua miezi 6, na wengi huyakatiza kwa sababu vidonge kwenye tumbo tupu vinawachefua. Wengine wote wanafuata baada ya hao.

Tuna sharti moja ambalo halivunjwi: hakuna kuacha bakuli mlangoni. Sharti hili tulifundishwa na kosa letu wenyewe. Kulikuwa na babu mmoja, baharia mstaafu anayeishi peke yake, aliyekuwa akiweka kigoda nje ili tuweke chakula juu yake. Jumanne mchana kijana wetu akaweka bakuli. Jumatano akalikuta palepale, siafu wamelizunguka. Akadhani babu amelala au ametoka, akaondoa la jana, akaweka jipya, akaondoka kwa sababu nyumba sita zilikuwa zinamsubiri. Alhamisi jirani akavunja kitasa. Babu alikuwa sakafuni tangu Jumanne asubuhi, paja limevunjika, midomo imekauka, fahamu anazo. Alikuwa amemsikia kijana wetu siku zote mbili, akiweka bakuli na kuwasha pikipiki, ila sauti ya kuitika hana.

Babu alipona. Anatembea kwa mkongojo, na kila siku anamuuliza yule kijana, "Leo umeniletea mimi au umeleta kwa siafu?" Lakini tangu siku hiyo hodi isiyo na jibu ni dharura. Hatuondoki mpaka tumeisikia sauti na kuuona uso, na kama mlango haufunguki tunamwita jirani, kisha mjumbe. Ndiyo maana tunawapa wapelekaji nyumba kumi tu, ingawa pikipiki ingeweza kufika ishirini. Lazima ubaki muda wa "Shikamoo babu", wa kuitikiwa marahaba, na wa kuangalia kama maji ya kunywa yapo na kama miguu imevimba kuliko jana.

Si bora muwape pesa, wakanunue wanachotaka?

Kwa wengi, ndiyo. Mama mwenye nguvu na watoto watatu anajua kuipangilia pesa kuliko sisi tunavyojua kumpangia chakula, na akitokea mtu wa kumpa tunafurahi. Ila aliyepooza upande mmoja, ukimpa noti, bado kuna safari ya sokoni, kuna moto wa kuwasha, kuna sufuria la kuinua. Huyo anahitaji chakula kilichoiva na mtu wa kukileta.

Sahani 120 zinahitaji vitu gani?

Hili ndilo swali tunalolipenda. Kwa wali maharage wa nazi:

Mchele kilo 15, kwa hesabu ya kilo 1 kwa watu 8. Maharage makavu kilo 10. Nazi 15. Vitunguu kilo 3, nyanya kilo 4, mafuta ya kupikia lita 2. Mchicha au matembele kadiri genge lilivyo siku hiyo. Chumvi haizidi robo kilo, yaani takribani gramu 2 kwa sahani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, na wazee wetu wengi wana presha. Mwanzoni walilalamika kwamba chakula kimepooza. Tukaongeza vitunguu saumu na ndimu, malalamiko yakapungua, hayajaisha.

Maharage yanachambuliwa saa 1 jioni, kwa kuwa mawe hayaonekani vizuri saa 11 alfajiri, na yanalowekwa usiku kucha. Asubuhi maji ya kulowekea yanamwagwa, maharage yanapata maji mapya na yanachemshwa kwa nguvu. Kwa maharage mekundu usilegeze hapa: yana sumu ya asili inayotapisha, na inaondoka kwa kutokota kwa nguvu dakika 10 au zaidi, si kwa moto mdogo wa kuvizia. Tui linaingia mwishoni, jepesi kwanza, halafu zito, na baada ya tui zito sufuria halifunikwi, tui lisije likakatika.

Ugali tunapika mara moja tu kwa wiki. Kusonga ugali wa watu 120 kunahitaji vijana wawili na miko miwili, na ukifika nyumba ya kumi umeshashika ngozi juu. Mtu asiye na meno utamtesa.

Mnatumia mkaa au gesi?

Gesi, mitungi ya kilo 38. Tulianza na mkaa. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Tukabishana wiki nzima kama ua wa mtu ni taasisi. Kikohozi cha wapishi ndicho kilichomaliza ubishi.

Tatizo lilikuwa wali. Mpishi wetu mkuu amepalia wali maisha yake yote, makaa juu ya mfuniko, na gesi haina makaa. Sasa maji yakikauka anafunika kwa karatasi nzito ya nailoni, anaweka mfuniko na jiwe juu, anapunguza moto mpaka uwe kama wa mshumaa, kisha anakaa karibu asikilize. Anasema wali unapoiva sauti inabadilika. Sisi wengine hatujaisikia sauti hiyo, ila wali unaiva.

Chakula hakiharibiki njiani?

Kiliwahi kuharibika. Wali ulifungwa ndoo saa 3 asubuhi, pikipiki ikapata pancha, ukafika saa 8 mchana ukinuka uchachu. Tuliumwaga wote, na watu kumi walishindia chai na andazi siku hiyo.

Vijidudu huzaliana haraka kwenye chakula kilicho kati ya nyuzijoto 5 na 60. Kwa hiyo chakula kinatoka jikoni kikichemka, kinakaa juu ya nyuzi 60 mpaka mlangoni, na kikishapoa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Tuna kipimajoto cha chakula, kifupi kama kalamu, na ndicho kifaa tulichonunua kabla hata ya hotpoti ya pili. Wali una hila yake: vijidudu vyake huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa, mbegu zikaamka wali ukiwa vuguvugu, na sumu inayotengenezwa hapo haiondoki hata ukipasha moto tena. Kiporo cha wali ulichokilaza nje usiku ndicho hicho.

Najua, sote tumekua kwa kiporo na chai ya rangi. Lakini tumbo la mtu wa miaka 80 anayetumia dawa si la mtoto wa darasa la tatu. Kwa hiyo kinacholetwa mchana kiliwe mchana, na tunawaeleza walezi hivyo. Kikibaki jikoni kinagawiwa uani saa hiyo hiyo. Hatulazi chakula kilichopikwa.

Mgonjwa anayepaliwa na chakula mnamsaidiaje?

Hasa walioshikwa na kiharusi. Tunaponda maharage, tunalainisha wali kwa mchuzi, au tunampelekea uji mzito. Mlezi anafundishwa amkalishe wima, ampe kijiko kidogo, asimwongeleshe akiwa na tonge mdomoni, na asimlaze mpaka nusu saa ipite. Anayekohoa kila anapomeza apelekwe kituo cha afya, kwa maana chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu. Sisi ni wapishi, si wauguzi.

Je, hamuwaharibii mama lishe biashara?

Swali la haki, na waliotuuliza kwanza walikuwa mama lishe wenyewe, wakiwa wamesimama mlangoni na mikono kiunoni. Tulikaa nao. Tukakubaliana kwamba jiko haliweki meza barabarani, haliuzi, halipiki chapati wala supu ya asubuhi, na likizidiwa kuni... samahani, gesi, linanunua kwao sahani zinazopungua. Wawili kati yao ndio wapishi wetu leo. Bila wao tusingejua hata kilo ya mchele inalisha wangapi.

Anayekula anaweza kulipa chochote?

Kuna kopo lenye tundu, limewekwa pembeni, mbali na macho ya anayepakua. Wapo wanaotia shilingi mia, na wapo wanaolisikiliza tu kopo linavyolia wenzao wanapotia. Huko Lima, Peru, wanawake wa mitaa ya pembezoni walianzisha majiko ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1970. Walinunua kwa pamoja, wakapika kwa zamu, wakauza kwa bei ndogo sana, na wagonjwa na wasio na kitu wakala bure. Yapo hadi leo. Mtindo wao tunautamani, ila mtaa wetu haujawa tayari kupanga bei.

Nina unga umekaa stoo tangu mwaka juzi. Mnaupokea?

Hapana, na tafadhali usimpe hata kuku. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kuna kampuni ilituletea magunia 20 ya unga yaliyopita tarehe, pamoja na bango na mpigapicha. Tulipoyakataa tukaitwa wenye kiburi. Tunachopokea ni mchele, maharage, dengu, mafuta yasiyofunguliwa, na mboga za siku hiyo. Wauza mboga wa sokoni wanatuuzia kwa bei ya kufunga siku nyanya zilizobonyea. Hizo mchuzi hauzibagui.

Naweza kuleta fidia ya Ramadhani au sadaka ya Kwaresma?

Karibu. Kwa wenye kufuata madhehebu ya Shafi, fidia ya siku moja isiyofungwa ni kibaba kimoja cha chakula kwa maskini, na masheikh wengi wa hapa hutaka kitolewe kikiwa nafaka, si sahani iliyopikwa. Kwa hiyo fidia ikija tunaifungasha ikiwa mchele mbichi na kuipeleka hivyo kwa wenye kustahiki, haiingii sufuriani. Ukitaka iingie sufuriani, muulize kwanza sheikh wako, halafu utuambie ni sadaka. Ndani ya Ramadhani jiko linapika mara mbili: mchana kwa wagonjwa, watoto na wasio Waislamu, na jioni futari.

Tunaweza kuja kupiga picha tukitoa msaada?

Pigeni picha za masufuria. Sura ya anayekula haipigwi, hata akikubali, kwa kuwa mwenye njaa hukubali mambo mengi. Anayetafuta kiki atafute kwingine.

Mkipata mfadhili mmoja mkubwa, si mtapumzika?

Tungelala vizuri kwa miezi michache. Sudan, vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, vijana na kina mama wa mitaa ya Khartoum na miji mingine walipika adesi na ful (maharage mapana) kwenye majiko wanayoyaita takiya, jina la zamani la nyumba za Masufi zilizolisha wapitanjia. Pesa nyingi ziliingia kwa simu kutoka kwa ndugu walio ng'ambo. Februari 2024 mawasiliano yakakatika, na majiko mengi yakazima moto wakati mchele ungali unauzwa mtaa wa pili. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na majiko zaidi ya 1,000 yakafungwa. Wale wanafanya kazi chini ya mabomu, sisi hatufanani nao hata kidogo. Ila tulipowasikia, tulibadili sheria yetu: hakuna mchangiaji mmoja anayebeba zaidi ya robo ya sufuria, na daima kuna mchele wa wiki mbili stoo.

Wazo hili mmelitoa wapi?

Mwalimu wetu mstaafu aliwahi kukwama Makindu, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, basi likiwa limeharibika. Pale pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote anakula bure. Alivua viatu, akafunika kichwa, akapewa sahani ya chuma, dengu na chapati. Hakuna aliyemuuliza dini wala safari yake. Jiko hilo la bure wao wanaliita langar, na wamelishika tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwalimu anasema kilichomshangaza ni kwamba baada ya kula, mtu aliyekaa jirani yake kwa suti alisimama akaenda kuosha vyombo.

Nataka kuanzisha jiko mtaani kwetu. Nianze na watu wangapi?

Kumi. Kweli, kumi. Sisi tulianza na pilau ya Idi, sahani 300, mtaa mzima ukatusifu, na wiki iliyofuata hatukuwa hata na vitunguu. Watu walikuja na mabakuli yao, wakakuta uani pakavu. Bibi mmoja alikaa mpaka saa 10 akidhani tumechelewa. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tuanze upya na nyumba nane, kila siku, kwa miezi mitatu, bila kuongeza hata moja. Ukiahidi Jumatatu, yule wa kitandani anaanza kusikiliza pikipiki tangu saa 5. Usimwongezee jina la kumi na moja mpaka la kumi limeshazoea kufika kila siku.

Hesabu wapelekaji kabla ya kuhesabu masufuria. Wapishi wanapatikana, miguu ya kupiga hodi kila siku ndiyo haba.

Nataka kujitolea lakini sijui kupika.

Wapishi tunao. Tunahitaji wa kuchambua maharage, wa kukuna nazi, wa kuosha masufuria, na mtu mwenye subira ya kuongea na wazee. Njoo saa 11 alfajiri, kucha fupi, kichwa kimefungwa, pete umeiacha nyumbani. Njoo na kisu chako. Vyetu ni butu. Ukiwa unaharisha au una kidonda mkononi, baki nyumbani, na utuambie jana yake kama unaweza.

Na ukoko mnampa nani?

Wanaoosha masufuria. Watoto wa mtaa wamelikatia rufaa jambo hili mara nyingi, wakashindwa.